Usitupe Mbachao: Kuwafundisha Watoto Kutumia Tena Vitu kwa Kazi za Mikono



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi wetu na wazazi wetu watukufu, katika jarida la mwaka huu tumeona ni vyema tuzungumze juu ya jambo ambalo sote tunalikanyaga kila siku tunapokuja chuoni, nalo ni taka.

Wahenga walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa. Maana yake, usikimbilie kutupa kitu chako kikuukuu kwa sababu tu umeona kipya kinapita. Katika makala haya tutaeleza namna tunavyowafundisha watoto wadogo maana hiyo kwa mikono yao wenyewe. Tutaanza kwa kukiri kosa letu, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha.

KOSA LETU LA MWANZO

Nyuma ya chuo chetu kuna mtaro. Mvua za masika zilipokuja, mtaro ule ulikuwa umejaa chupa za maji, makopo na kandambili mbovu. Maji hayakupata njia, yakapanda, yakaingia darasani, yakaroweka mikeka yote. Tulisoma siku kadhaa tukiwa tumesimama. Hapo ndipo walimu tulipokaa tukasema kwamba watoto hawa lazima wafundishwe habari ya taka.

Tukaanza kwa bidii. Tuliwaambia watoto walete chupa za plastiki, nasi tukatengeneza maua ya rangi rangi ya kupambia chuo siku ya Maulidi. Tulinunua rangi, gundi na nyuzi za kung'aa. Wageni walitusifu sana na wazazi walifurahi.

Lakini baada ya mwezi mmoja maua yalipauka, yakajaa vumbi, yakaondolewa. Yalikwenda wapi? Yalikwenda kule kule mtaroni! Na safari hii chupa zilikuwa zimepakwa rangi na gundi, hata wale wanaonunua chupa kuukuu hawakuzitaka tena. Zaidi ya hayo, mzazi mmoja alituambia kwa upole kuwa alilazimika kununua soda sita ambazo nyumbani hakuna aliyezihitaji, ili tu mwanawe apate chupa za kuleta chuoni.

Tuliona haya. Tulikuwa tumewafundisha watoto kuongeza taka huku tukidhani tunazipunguza. Tangu siku hiyo tukajiwekea sharti moja: kila kinachotengenezwa na watoto wetu lazima kiwe kitu kitakachotumika, na ajulikane nani atakitumia kabla mkasi haujashikwa.

DINI YETU NA VITU VILIVYOCHAKAA

Wanafunzi wetu, msidhani kuwa mambo haya ni mageni kwetu. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah (S.W.) anatuamrisha tule na tunywe lakini tusifanye israfu. Na katika Surat Bani Israil, aya ya 26 na 27, tunakatazwa ubadhirifu, na wabadhirifu wanatajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Israfu si ya wali na maji peke yake. Hata chombo chenye manufaa kikitupwa kabla ya wakati wake, hiyo nayo ni israfu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye mbuzi aliyekufa, aliyekuwa wa mtumwa huru wa Bibi Maimuna (R.A.). Akawauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wakamjibu kuwa yule ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Tazameni funzo hilo! Watu waliona mzoga wa kutupwa, na Mtume (S.A.W.) aliona ngozi ambayo bado ina kazi.

Vile vile Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kuwa alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake mwenyewe. Basi nani kati yetu ataona aibu kushona ndala?

Na wazee wetu wa mwambao waliyafuata hayo. Watoto wa chuo wa zamani waliandika juu ya ubao wa mti. Wakishahifadhi, ubao ukaoshwa na kuandikwa upya. Kifuu cha nazi kilikuwa upawa wa kupakulia mchuzi. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la pwani mpaka yakalainika, yakasokotwa kamba. Kopo la maziwa likawa kibatari, na kanga iliyochakaa ikawa winda la mtoto, kisha tambara la kufutia. Kilichobadilika ni kwamba vitu vya zamani vikitupwa vilioza vikawa udongo. Plastiki ya leo haiozi hivyo. Hukatika vipande vidogo vidogo vikabaki ardhini na baharini miaka mingi sana.

KUTUMIA TENA NA KUREJELEZA

Watu wengi huchanganya maneno haya mawili, na hata sisi tulikuwa tukiyachanganya.

Kutumia tena ni kukipa kitu kazi nyingine bila kukivunja. Kopo la maziwa likawekwa kalamu, hilo limetumika tena. Bado ni kopo.

Kurejeleza ni kukirudisha kitu kwenye asili yake, kisha kukitengeneza upya. Karatasi husagwa ikawa rojo, rojo likawa karatasi mpya. Kopo la alumini huyeyushwa likawa kopo jingine, na kufanya hivyo huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kutoa alumini mpya kwenye mawe yake. Alumini na kioo vinaweza kuyeyushwa mara nyingi. Karatasi haiwezi hivyo, kwa sababu nyuzi zake hukatika na kuwa fupi kila inaposagwa, na baada ya mara tano hadi saba hivi hazishikani tena.

Plastiki nayo si ya aina moja. Mwanafunzi, geuza chupa ya maji uangalie kitakoni, utaona alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Chupa za maji na soda aghalabu zina namba 1, madumu mengi yana namba 2, na ndoo nyingi zina namba 5. Namba hiyo inaeleza aina ya plastiki tu, haina maana kwamba kitu hicho lazima kitarejelezwa. Lakini inatusaidia kuweka sawa na sawa pamoja, kwa sababu plastiki za aina mbalimbali zikiyeyushwa pamoja huharibiana.

KABLA YA MKASI: KUPAMBANUA

Somo la kwanza kwa watoto wadogo, wa miaka minne mpaka sita, ni kupambanua. Tunamwaga taka safi na kavu juu ya turubali, kisha tunawauliza maswali mawili: Hiki kilitoka wapi? Na sasa kitakwenda wapi? Baada ya hapo wanaweka mafungu: karatasi, plastiki, madini, nguo, na vitu vinavyooza kama maganda.

Watoto wanapenda kazi hii kuliko tulivyotarajia, na hujifunza kuhesabu, rangi na majina ya vitu humo humo.

Katika fungu la karatasi lipo jambo moja ambalo chuo lazima kilizingatie. Karatasi zetu nyingi zina Aya za Qur'an au jina la Allah (S.W.). Hizo hazisagwi pamoja na taka wala hazifungiwi maandazi. Tumewafundisha watoto kwamba akiona karatasi yenye maandishi hayo aiinue kwa heshima ampe Maalim. Tunaziweka katika boksi lake. Wanazuoni wametaja kuwa kurasa za msahafu zilizochakaa huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa moto kwa kuzihifadhi, kama Sayyidna Uthman (R.A.) alivyoamuru zichomwe nakala nyingine baada ya kuandikwa misahafu aliyoisambaza. Mtoto wa miaka mitano akishajua kupambanua karatasi hii na ile, amejifunza adabu na usafi kwa pamoja.

KAZI TATU TUNAZOZIFANYA

Kazi ya kwanza: Marufaa ya boksi.
Chuo chetu kilikuwa na marufaa machache ya mbao, na watoto wengi waliweka juzuu mapajani. Sasa kila mtoto wa kuanzia miaka saba anajitengenezea. Chukua boksi nene la katoni, kata vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja shibiri moja na nusu kwenda juu. Ukiangalia ukingo wa boksi utaona mistari kama mabomba madogo. Mistari hiyo isimame wima, ndiyo inayobeba uzito. Kama boksi ni jembamba, gandisha mawili pamoja kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, na uache likauke juani kabisa.

Kisha katika kipande cha kwanza kata mwanya wa kulala, chini kidogo ya katikati, kutoka ubavu wa kushoto mpaka nusu ya upana. Cha pili ukate vivyo hivyo kutoka ubavu wa kulia. Vipitishe kimoja ndani ya chenzake, vitasimama vikiwa vimepishana. Angalia sana: mwanya uwe mpana kidogo tu kuliko unene wa boksi. Ukizidi, marufaa yatalala chini na msahafu utaanguka. Wengi wetu tuliharibu marufaa ya kwanza kwa sababu hiyo.

Kazi ya pili: Kibuyu chirizi cha kutilia udhu.
Hii ni ya wenye miaka kumi na kuendelea, na mtu mzima awepo. Chukua dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula, lioshe kwa maji moto na sabuni. Mtu mzima apashe msumari moto na atoboe tundu moja ubavuni, vidole vitatu chini ya mdomo. Simamisha panda mbili imara, lala ufito juu yake, na lipitishe dumu kwenye ufito kwa mkono wake. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke mpaka kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Ukiachia, maji husimama yenyewe.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Wanafunzi walipofanya hesabu waliona kuwa dumu la lita 5 linapaswa kutosha watu watano na zaidi. Siku ya kwanza lilikwisha kwa watoto watatu! Wakacheka, wakajaribu tena. Sasa wanashindana nani atatimiza udhu wake sawasawa bila ya kumwaga. Hapo awali tuliwahubiria sana juu ya israfu ya maji bombani bila mafanikio.

Kazi ya tatu: Karatasi kutoka madaftari ya zamani.
Hii ndiyo kurejeleza kwenyewe. Chukua madaftari ya skuli yaliyokwisha (yasiyo na Aya, kama tulivyosema), yachane vipande vidogo, yaloweke usiku kucha. Asubuhi yatwange katika kinu mpaka yawe rojo kama uji. Mimina rojo katika beseni lenye maji mengi na ukoroge. Wamba kipande cha chandarua kikuukuu kilichooshwa vizuri kwenye fremu ya vijiti vinne, kizamishe ndani ya beseni, ukiinue taratibu kikiwa kimelala sawa. Maji yatachuja, na juu ya wavu utabaki utando. Upindue juu ya kanga kuukuu, ukamue kwa tambara, uanike. Karatasi itakayotoka ni nzito na ya kijivu kidogo kwa sababu ya wino. Watoto huitumia kuandikia kadi za Idi kwa babu na bibi zao.

Mtu atauliza, "Kwa nini mnahangaika na hayo, na karatasi inauzwa dukani?" Jibu letu ni kuwa mtoto aliyetwanga karatasi moja mpaka mkono ukamuuma hachani tena ukurasa wa daftari lake ovyo.

WATOTO WALIOWAFUNDISHA WAKUBWA

Wenzetu wa Lamu wana mfano mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu, watoto walikuwa wakiokota kandambili zilizoletwa na bahari na kuzichonga vitu vya kuchezea. Mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, Julie Church, aliona wanachofanya, akawashajiisha akina mama wa hapo wazikusanye na kuzitengenezea vitu vya kuuza. Kazi hiyo ilikua mpaka ikawa karakana mjini Nairobi, inayojulikana kama Ocean Sole.

Kisha mwaka 2018 fundi wa vyombo wa Lamu, Ali Skanda, pamoja na wenzake, walishusha baharini chombo cha matanga kilichojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa, chenye urefu wa mita 9 hivi. Ubavu wake ulifunikwa kwa vipande vya kandambili za rangi kila namna, na kikaitwa Flipflopi. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu mpaka hapa Unguja. Yote hayo yanafanana na yale waliyoyaanza watoto wa pwani kwa kisu na kandambili mbovu.

NENO "MUOKOTA MAKOPO"

Sasa tuseme jambo lililotugusa zaidi ya yote.

Katika darasa la pili alikuwepo mwanafunzi mmoja mkimya sana. Bibi yake hujipatia riziki kwa kukusanya chupa na vyuma chakavu na kuviuza kwa kilo. Wenzake walilijua hilo, na wakigombana walimwita "muokota makopo". Sisi walimu tulikuwa tukisikia, tukikemea, na yakirudiwa. Akaanza kukosa kuja chuoni.

Siku ya somo la kupambanua alikuwepo. Tulipomwaga taka juu ya turubali, Maalim alishika chupa mbili akauliza zina tofauti gani. Hakuna aliyejibu ila yeye. Akaeleza ipi inanunuliwa na ipi hainunuliwi, kwa nini kizibo hutolewa, na namna ya kujua kopo la alumini na la chuma kwa sumaku. Kwa nusu saa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na sisi ndio wanafunzi wake. Wiki iliyofuata tulimwalika bibi yake. Alikuja amejitanda buibui lake safi, akakaa kitini, akawafundisha watoto.

Wanafunzi wetu, kuondoa udhia njiani Mtume (S.A.W.) amekuhesabu kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Basi yule anayeondoa udhia kwenye mitaro yetu tangu alfajiri, tena akala halali kwa jasho lake, anastahiki kuchekwa au kuombewa dua? Anayepaswa kuona haya ni aliyetupa chupa mtaroni. Tangu siku ile hatujalisikia tena neno lile chuoni petu, na mtoto yule hakosi kuja.

TAHADHARI

Kazi hizi ni nzuri zikifanywa kwa hadhari. Tunaomba yafuatayo yazingatiwe:

1. Watoto wasiokote taka jaani wala mtaroni. Walete zilizo safi kutoka nyumbani.
2. Wasiguse kabisa sindano, chupa za dawa za wadudu, betri, vioo vilivyovunjika wala mabaki ya hospitali.
3. Makopo yapigwe ukingo kwa nyundo na mtu mzima kabla ya kupewa mtoto.
4. Plastiki isichomwe moto. Moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.
5. Makopo, vifuu na mipira ya gari visiachwe nje vikakusanya maji. Humo ndimo anamotaga mbu wa homa ya dengi, maradhi yaliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.
6. Mtoto asichukue kitu bila idhini. Mmoja wetu aliletewa dumu jipya kabisa, na mama mwenye dumu alikuja nyuma yake akilitafuta!

KWENU WAZAZI

Wazazi wetu, mtoto hufuata anachokiona. Sheria zipo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Zanzibar mwaka 2006, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Lakini sheria haiingii jikoni mwetu. Mtoto akifundishwa chuoni kupambanua, kisha akirudi nyumbani akamuona baba anatupa chupa kupitia dirisha la gari, atamfuata baba. Samaki mkunje angali mbichi, na mkunjaji wa kwanza ni mzazi.

Tunakuombeni mambo matatu tu. Wekeni nyumbani vyombo viwili vya taka, cha vinavyooza na cha visivyooza. Msinunue kitu kipya kwa ajili ya kazi ya chuo. Na mtoto akileta nyumbani alichokitengeneza, kitumieni, hata kama kimekaa upande. Kikitumika ndipo atajua kuwa kazi ya mikono yake ina thamani.

KAZI YA LIKIZO

Kila mwanafunzi atafute nyumbani kitu kimoja kinachokaribia kutupwa. Amuulize babu au bibi zamani kitu kama hicho kilifanywa nini. Kisha akitengeneze kiwe na kazi, na aandike nani atakitumia. Tutavikagua chuo kitakapofunguliwa, inshaallah. Hakutakuwa na zawadi kwa kilicho kizuri kuliko vyote. Tutauliza tu kama bado kinatumika.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru neema Zake na wenye kuzitumia kama inavyostahiki, awalee watoto wetu katika usafi wa nyoyo na wa mazingira, na atusamehe pale tulipokosea. Aamin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.